Muhuri wa Nta wa Kaka Abbasi

Kaka yangu Abbasi Shomari alifariki Ijumaa ya kwanza ya Shaabani mwaka huu wa 1984, baada ya kuumwa kifua kwa wiki tatu. Aliyemwosha alisema hajapata kushika maiti nyepesi namna ile. Sikushangaa. Kwa miaka kumi alikuwa anaishi kama mtu anayeomba radhi kwa nafasi anayoikalia.

Ukiuliza Tabora mjini habari za Abbasi Shomari, wengi hawatakuelewa. Uliza Abbasi Bubu, utaelekezwa. Hakuwa bubu. Alikuwa na sauti nzuri, na ujanani yeye ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini kwetu Ng'ambo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mashine. Nataka kueleza ilivyokuwa, maana kuna maneno mawili yaliyosemwa juu yake: kwamba alikuwa mhujumu, na kwamba hakujua kazi. La kwanza ni uongo. La pili nitalieleza kama lilivyo. Mimi ni dada yake, lakini namwogopa Mungu kuliko ninavyompenda kaka yangu.

Baba yetu, Mzee Shomari, alikuwa fundi wa saa na santuri, na kibaraza chake kilitazamana na soko. Akimaliza kutengeneza kitu alichukua donge dogo la nta, nta hii hii inayotoka kwenye mizinga ya misitu yetu, akailainisha kwa vidole, akaziba kichwa cha skrubu ya mwisho, kisha akakandamiza kidole gumba. Ule ndio ulikuwa muhuri wake. Mteja akirudi kulalamika, baba hakuuliza saa imefanya nini. Aliitazama nta kwanza. Ikiwa imevunjwa, alimrudishia mtu saa yake na kumwambia, "Nenda kwa aliyeifungua." Ikiwa nzima, alisema, "Humu ndani hamna neno, tutafute kwingine." Na kwa kweli mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwingine. Kitu kimoja tu hakukipiga muhuri, nacho ni taa ya karabai. Alisema kinachowaka hakitiwi nta.

Baba alifariki miaka miwili baada ya uhuru. Abbasi alirithi bisibisi zake, meza yake na donge lake la nta. Mwaka 1966 akaajiriwa na ofisi moja ya serikali hapa mkoani kuendesha mashine ya sinema ya bure. Dereva wa gari lile alikuwa Jilala, kijana wa Kinyamwezi mcheshi, mwenye pengo la jino la mbele. Wawili hao walizunguka pamoja miaka minane, kuanzia Itetemia hadi Isikizya na mbele zaidi, wakifuata ile barabara ya mchanga ambayo zamani ilikuwa njia ya misafara. Walifunga shuka jeupe kati ya miti miwili, wakawasha jenereta, na watu wakaja kutazama filamu za kilimo, za chanjo, za sherehe za Saba Saba. Kaka alipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Shemeji Zamda, mke wake, alikuwa akitania kwamba ana mke mwenza wa chuma.

Naomba niieleze mashine kidogo, vinginevyo yaliyofuata hayataeleweka. Picha ilitoka kwa taa kubwa. Sauti ilikuwa na njia yake. Ukingoni mwa filamu kulikuwa na mstari mwembamba wa weusi na weupe, na ndani ya mstari ule ndimo sauti ilimohifadhiwa. Taa ndogo ilipitisha mwanga katika bomba fupi lenye lenzi, mwanga ukatoka mwembamba kama unywele, ukaupiga ule mstari. Upande wa pili kulikuwa na kitu alichokiita jicho. Jicho liliona weusi na weupe ukipita, likapeleka habari kwenye amplifaya, amplifaya ikapeleka kwenye spika, na mtu aliyeko kwenye shuka akasema. Mwanga usipofika kwenye jicho, hakuna sauti.

Mwezi wa saba mwaka 1974 amplifaya iliungua. Ule ndio mwaka watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vipya kwa malori, na ofisi ilitaka filamu zionyeshwe kila kijiji, kwa hiyo amplifaya mpya iliagizwa haraka kutoka Dar es Salaam. Ilifika mwisho wa mwezi wa nane pamoja na taa ndogo mpya, kubwa kidogo kuliko ya zamani. Kaka aliifungua mashine nzima, akaosha kila kitu kwa spiriti, akafunga amplifaya, akafunga taa, akarudisha jicho na bomba la lenzi, akaunganisha nyaya upya. Nilikuwepo. Alipomaliza skrubu ya bomba la lenzi akachukua nta, akaziba, akakandamiza kidole gumba.

"Sasa imezaliwa tena," akasema.

Jumatano akaijaribu ofisini. Picha ikatoka safi. Sauti haikutoka. Mashine ilikuwa kana kwamba haijui kuwa ina jicho.

Mkuu wa ofisi alikuwa Ndugu Silasi, mtu aliyetoka mkoa mwingine, mwembamba, anayependa kuuliza maswali mawili kwa pamoja. Alisimama mlangoni akamtazama kaka.

"Abbasi, mashine imekataa au wewe umekataa?"

"Mashine, Ndugu."

"Jumamosi tunakwenda kijiji kipya kule nyuma ya Kwihara. Mgeni wa kutoka juu atakuwepo. Filamu ni hotuba ya mkubwa. Unajua hotuba bila sauti inaitwaje?"

"Itasema, Ndugu. Nipe siku tatu."

Akaibeba mashine hadi nyumbani kwa gari la Jilala, akaiweka juu ya jamvi uani. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimemaliza kidato cha nne, na kitabu cha mashine kilikuwa cha Kiingereza. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma na kumweleza, na yake kujaribu.

Alianza na spika. Akaunganisha kipaza sauti kwenye amplifaya, akasema, "Shikamoo, Zamda," na shemeji akaitika kutoka jikoni, "Marahaba, mume wangu, umekuwa na adabu lini?" Tukacheka. Basi amplifaya nzima, spika nzima. Siku hiyo yote aliimalizia kwenye nyaya. Alizipima moja moja kwa mita, akalehemu upya viungo vyote. Bado kimya.

Siku ya pili akalijaribu jicho. Akachukua tochi, akalimulika, akapitisha vidole mbele ya mwanga. Spika ikapiga pu, pu, pu. Jicho lilikuwa zima kabisa. Akaitazama taa ndogo, ilikuwa inawaka, tena kwa ukali.

Leo mtoto wa shule anaweza kuona. Amplifaya nzima. Jicho zima. Taa inawaka. Kati ya taa na jicho kilibaki kitu kimoja tu, bomba la lenzi. Nami sikuhitaji hata kufikiri, kwa sababu nilikuwa nakisoma kitabu, na ukurasa ule ulisema wazi: ikiwa jicho ni zima na taa inawaka, fungua bomba, usafishe lenzi.

"Kaka, hapa wanasema tufungue bomba tusafishe lenzi."

Akainama, akaitazama ile nta. Alama ya kidole chake ilikuwa pale, kila mstari unaonekana.

"Nimeisafisha mwenyewe na kuifunga mwenyewe," akasema. "Muhuri mzima. Humu ndani hamna neno. Fungua ukurasa mwingine."

Nikafungua ukurasa mwingine.

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa nayo tangu asubuhi. Sikuwa mtoto, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ningeweza kusema, kaka, si umefungua kila kitu, hiki kinakushinda nini? Lakini alisema kwa sauti ya baba, na katika nyumba yetu sauti ile haikujibiwa.

Ijumaa aliporudi kutoka msikitini alibadilisha tena nyaya zilezile. Jioni alikuwa amechoka, macho mekundu. Jumamosi asubuhi akamwendea Ndugu Silasi na shauri. Kipaza sauti kinafanya kazi. Hotuba imeandikwa, nakala ipo ofisini. Picha ipite, naye asimame kando asome maneno kwenye kipaza sauti. Alikuwa na sauti, nimeshasema.

"Wewe useme badala ya mkubwa?" Ndugu Silasi akauliza. "Nani kakupa hotuba ya mkubwa uiseme wewe? Itapona njiani hiyo mashine. Pakieni."

Nilikwenda nao, kwa sababu walimu tuliagizwa kuhudhuria. Kijiji kile wakati huo hakikuwa kijiji. Palikuwa na mistari ya vigingi iliyochorwa porini, vibanda vya majani, na vitanda na vinu vimewekwa nje kama mali iliyookolewa kwenye moto. Watu walikuwa wameshushwa pale wiki mbili kabla, wameacha mashamba yao na makaburi yao. Kisima kilikuwa hakijachimbwa. Hawakuwa na hamu ya sinema, lakini waliitwa wakakaa.

Giza lilipoingia, kaka akawasha. Mkubwa akatokea kwenye shuka, amevaa suti ya kola ndogo, nyuma yake bendera. Akafungua mdomo. Akainua mkono. Akanyoosha kidole. Kimya kabisa, isipokuwa jenereta. Aliendelea hivyo, anafungua mdomo na kufumba, anafungua na kufumba, na mgeni wa kutoka juu ameketi kwenye kiti cha mbele.

Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyeitwa Ng'washi, alikuwa amekaa karibu nami juu ya kinu chake kilicholazwa. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani:

"Leo ndiyo mara ya kwanza hajatuambia uongo."

Waliokaa karibu wakacheka. Wa nyuma wakauliza amesemaje, wakaambiwa, nao wakacheka. Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Watu wale walikuwa hawajacheka tangu waliposhushwa kwenye malori, na walicheka hadi wengine wakajifuta machozi. Kaka alikuwa ameinama juu ya mashine, anazungusha vifundo. Hakuinua kichwa.

Nina hakika kimya peke yake kingesamehewa. Mashine huharibika. Kilichomponza ni kicheko. Ng'washi hakuulizwa neno, maana hakuna aliyekuwa tayari kurudia alilosema mbele ya mgeni. Alihitajika mtu mwingine.

Jumatatu askari walikuja kumchukua kaka. Katika maelezo iliandikwa kwamba fundi mwenye uzoefu wa miaka minane hawezi kushindwa na sauti siku tatu isipokuwa kwa kusudi. Ukiyasoma haraka unaona ni sifa. Alikaa ndani miezi miwili na siku sita bila kufikishwa mahakamani. Alipoachiwa hakuwa na kazi, na alikuwa na neno moja mgongoni, mhujumu. Kaka zake Zamda walikuja kutoka Itetemia wakamchukua dada yao, wakasema hawataki kuhojiwa kwa ajili ya shemeji. Zamda alilia hadi barabarani, lakini alikwenda. Mtaani watu hawakuthubutu kumwita mhujumu mbele yake, wakamwita Bubu, kwa utani, wakidhani wanamhurumia.

Na mashine ilisema. Hilo ndilo lililomzika akiwa hai. Wiki moja baada ya yeye kukamatwa, Jilala alipewa kazi ya kuiendesha, na siku ya pili tu sauti ikatoka. Ndugu Silasi akawa anawaambia watu, "Mnaona? Dereva ameiweza. Fundi hakuweza au hakutaka?" Baada ya hapo nani angemtetea?

Kaka alirudi kwenye kibaraza cha baba, akatengeneza tochi, redio na majiko ya mafuta ya taa. Aliongea kidogo. Mwaka jana, neno lile wahujumu lilipoanza kutangazwa tena redioni kila siku kwa ajili ya wafanyabiashara walioficha sabuni na sukari, alikuwa na redio ya mtu mezani. Aliizima, akaondoa betri, akaziweka mbalimbali. Mteja alipokuja alimwambia haijawa tayari, ingawa ilikuwa tayari. Adhana hakuadhini tena. Imamu alimwomba mara mbili. Alijibu, "Watu watacheka."

Tulipomaliza hitma ya siku ya tatu, Jilala alikuja. Sasa ana tumbo na koti, na lile pengo ameliziba kwa jino la dhahabu. Alingoja watu waondoke, akasema, "Dada Mwanajuma, pole sana. Nina kitu chenu." Akatoa mfukoni kiberiti kilichofungwa kwa uzi.

Ndani mlikuwa na kipande cha nta, kimekauka na kuwa cha kahawia, kikubwa kama punje ya hindi. Juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Nilifungua bomba," akasema. "Mimi si fundi, sijui mambo ya muhuri. Nilikuta nta ya nje iko hivi, nzima, lakini ile iliyokuwa imeingia ndani ya tundu imeyeyuka. Taa mpya ilikuwa ya moto sana. Imetambaa juu ya lenzi, imeganda kama utando kwenye jicho la mzee. Nikaifuta kwa kitambaa na petroli. Dakika tano."

"Ulijua wakati ule ule?"

"Nilijua."

"Yuko ndani. Na wewe unajua kwamba ni nta."

"Dada, ningesema, wangeniuliza na mimi. Nilikuwa dereva wake. Wangesema tulipanga. Na kazi walikuwa wamenipa, nina watoto." Akaangalia chini. "Kila nikipita pale kibarazani nasema leo nitamwambia. Miaka kumi. Naomba mnisamehe."

"Mwenye kukusamehe tumemzika juzi," nikamwambia. "Mimi nitakusamehe langu. Lako na lake utalikuta mbele."

Kisha nikamwambia langu lenyewe, ambalo ndilo nililolitaka. Siku ya arobaini watu wa mtaa watakuwepo wote. Aje asimame, aseme aliyoniambia, kwa maneno hayo hayo. Ofisi siitaki. Ndugu Silasi alihamishwa zamani. Nataka waliomwita Bubu wasikie kwamba haikuwa hujuma, ilikuwa nta.

"Nitakuja," akasema. "Wallahi, hata kama mimi si Mwislamu."

Alipoondoka nilikwenda kibarazani kufungua kabati. Nilikuwa nataka kuilinganisha ile alama na nyingine. Mlikuwa na saa mbovu za zamani na redio ambazo wenyewe hawakuzirudia. Zile za kabla ya mwaka 1974, alizotengeneza siku za mapumziko, zote zina muhuri. Zile za baadaye hazina hata moja. Nikazigeuza zote, nikatafuta. Skrubu tupu. Donge la nta la baba lilikuwa limesukumwa nyuma kabisa ya kabati, limejaa vumbi.

Nikakaa chini. Nilikuwa nadhani aliacha muhuri kwa aibu, kwamba hakuona jina lake linastahili kuwekwa juu ya kitu. Lakini mtu aliyeacha nta, na nta tu, siku ile ile alipotoka mahabusu, ni mtu aliyekwisha kuielewa. Alikuwa na miezi miwili na siku sita ya kufikiri, bila mashine mbele yake na bila muhuri wa kutazama. Amplifaya nzima, jicho zima, taa inawaka. Alijua. Angeweza kutoka na kusema, fungueni bomba, ni kosa langu, nilitia nta kwenye kinachowaka. Hakusema. Aliona afadhali aitwe mhujumu na watu wasiojua kazi kuliko kuitwa fundi aliyesahau jambo la kwanza alilofundishwa na baba yake.

Kwa ajili hiyo Zamda alikwenda zake. Kwa ajili hiyo mimi nilikataa mchumba niliyeletewa mwaka 1975, kwa sababu kaka hakuwa na wa kumpikia. Nimemsomea Yasini kila siku tangu afariki, na kuna siku naisoma nikiwa nimemkasirikia. Mungu anisamehe, na yeye amsamehe.

Arobaini iliangukia ndani ya Ramadhani. Tuliwaalika watu wafuturu. Uani palijaa, waliomwita Bubu na waliomfuata kaburini, na wote walikuwa ni walewale. Niliweka kiti pembeni kwa ajili ya Jilala. Kile kiberiti nilikuwa nacho mkononi, ndani ya kanga. Adhana ikaadhiniwa, watu wakafungua kwa tende, wakaswali, wakarudi kula. Kiti kikabaki kitupu.

Mke wa Jilala akaja peke yake, amechoka, amebeba mfuko kichwani. Akasema mume wake amepata safari ya kikazi ya ghafla, anatoa pole, ametuletea kilo tatu za sukari. Kila mtu anajua mwaka huu sukari inavyopatikana. Wanawake wakainuka kumpokea. Mimi nikaupokea mfuko, maana yeye hakuwa amekosa kitu.

Ningeweza kusimama mimi. Nilikuwa na nta mkononi. Lakini dada anayemtetea kaka yake kwa kipande cha nta, nani angemwamini, na mwenye kushuhudia hayupo? Na hata ningesimama, ningesema nini? Kwamba hakuharibu kwa makusudi, aliharibu kwa kutokujua? Palepale uani nikaona jambo alilokuwa analikimbia, nikafunga mdomo. Nimeandika hapa nilichoshindwa kusema pale.

Sukari ile iliingia kwenye birika. Watu walikunywa, wakaongeza, wakamwombea marehemu, na mzee mmoja akainua kikombe akasema hajanywa chai tamu kama hii tangu mwaka juzi.